Mikate Saba kwa Watu Kumi

Misri, karibu mwaka 1550 KK

Karani mmoja wa Misri, jina lake Ahmes, alikuwa ananakili kitabu cha hesabu ambacho hata kwake kilikuwa cha kale. Mwenyewe ameeleza kwenye gombo lake la mafunjo kwamba maandishi anayoyanakili ni ya enzi za mfalme Amenemhat wa Tatu, karne mbili hadi tatu kabla ya zama zake. Gombo hilo lilinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na leo sehemu yake kubwa imehifadhiwa British Museum mjini London. Maswali yake ya kwanza ni ya chakula: mikate igawiwe watu kumi. Kwanza mkate mmoja, kisha miwili, sita, saba, minane, tisa.

Kwa mikate sita Ahmes anajibu: kila mtu apate nusu na moja ya kumi. Mwanafunzi wa shule ya msingi leo angeandika 6/10, akaifupisha kuwa 3/5, akafunga daftari. Lakini hebu apewe kisu aigawe kweli. Akikata kila mkate mahali pa 3/5, watu sita watapata kipande kimoja kikubwa, na wanne waliobaki watapewa vipande viwili viwili vya kuungaunga. Kwa uzito wamelingana. Kwa macho hapana, na wale wanne hawatakosa la kusema. Kwa njia ya Ahmes, mikate mitano inakatwa nusu, ule wa sita unakatwa vipande kumi, na kila mtu anaondoka na vipande viwili vinavyofanana kabisa na vya mwenzake. Katika nchi ambako wafanyakazi walilipwa kwa mikate na bia, hilo halikuwa jambo dogo.

Wamisri waliandika sehemu kwa kuchora alama ya mdomo juu ya namba. Mdomo juu ya tano ulimaanisha moja ya tano. Alama hiyo haikuacha nafasi ya kuandika mbili ya tano wala tatu ya tano: juu palikuwa pa moja daima. Ni 2/3 tu iliyopewa alama yake yenyewe ya kawaida. Kila sehemu nyingine ilibidi ijengwe kwa kujumlisha vipande vya namna hiyo, na vipande visirudiwe. Mikate saba kwa watu kumi ikawa 2/3 na 1/30 kwa kila mtu. Ukitaka kuhakiki, badilisha 2/3 kuwa 20/30, ongeza 1/30, utapata 21/30, ambayo ni 7/10 barabara.

Ugumu ulianzia kwenye kuzidisha. Mmisri alizidisha kwa kuongeza maradufu, tena na tena. Kuongeza 1/4 maradufu ni rahisi, unapata 1/2. Kuongeza 1/5 maradufu kunakupeleka kwenye 2/5, kitu kisichoandikika. Kwa hiyo gombo la Ahmes linaanza na jedwali refu linalovunja 2 ya kila namba witiri kuanzia 3 hadi 101. 2/5 ni 1/3 na 1/15. 2/7 ni 1/4 na 1/28. Ukifika mwisho wake, 2/101 imekuwa 1/101, 1/202, 1/303 na 1/606. Jedwali hilo lilikuwa gharama ya kugawa mikate kwa haki inayoonekana.

Babeli: kila kitu juu ya sitini

Kwenye mito ya Tigris na Euphrates makarani walichagua njia nyingine, na ingawa habari yake ni fupi, matunda yake bado yako kwenye saa ya mkononi. Badala ya kuwa na asili tofauti kwa kila sehemu (asili ni ile namba ya chini, na ya juu ni kiasi), Wababeli walichagua asili moja, 60, na vipeo vyake: 60 mara 60, na kuendelea. Nusu ikawa 30, theluthi 20, robo 15. Kujumlisha nusu na theluthi kukawa kujumlisha 30 na 20 tu.

Sitini inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila kubakisha, na ndiyo maana ilifaa. Saba iliwashinda, majedwali yao hulazimika kuiruka. Hata hivyo kibao kimoja cha udongo, ambacho leo kiko Chuo Kikuu cha Yale, kina thamani ya kipeuo cha pili cha 2 iliyo sahihi hadi tarakimu ya tano baada ya nukta, miaka zaidi ya elfu moja kabla ya mwanahisabati Mgiriki Euclid. Wanafalaki Wagiriki wakairithi hesabu hiyo ya sitini, wa Kiislamu wakaipokea kwao, na ndiyo maana saa moja ina dakika 60 na dakika ina sekunde 60.

Kanuni za China na India

Kitabu cha Kichina kiitwacho Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Hesabu, kilikusanywa enzi za ukoo wa Han na kufafanuliwa na mwanahisabati Liu Hui mwaka 263 BK. Sura yake ya kwanza inahusu kupima mashamba, na humo ndimo mna kanuni za sehemu karibu zote tunazofundishwa leo: kufupisha, kujumlisha, kutoa, kulinganisha, kuzidisha, kugawanya.

Chukua swali lake la kufupisha 49/91. Kitabu kinaelekeza: kama namba zote mbili zinagawanyika kwa mbili, zigawe kwa mbili, kama hazigawanyiki, toa ndogo kwenye kubwa, kwa zamu, mpaka zilingane. 91 toa 49 inabaki 42. 49 toa 42 inabaki 7. Endelea kutoa 7 kwenye 42 mpaka nayo ibaki 7. Zimelingana, basi saba ndiyo kigawo kikubwa cha shirika. Gawa juu na chini kwa 7, unapata 7/13. Hakuna kubahatisha, na mtoto anayejua kutoa tu anaweza kufika.

Kwenye kugawanya, Wachina walifanya jambo ambalo vitabu vingi vya shule vimelisahau. Walizifanya sehemu zote mbili ziwe na asili moja kwanza, kisha wakagawanya kiasi kwa kiasi. Vipande vikishakuwa vya ukubwa mmoja, kugawanya kunabaki kuwa swali la kuhesabu: hivi vinaingia mara ngapi kwenye vile?

India ilitoa njia fupi. Brahmagupta, aliyeandika mwaka 628, na Mahavira wa karne ya 9, wote wanaeleza kugeuza sehemu inayogawanya, juu iwe chini na chini iwe juu, kisha kuzidisha. Ndiyo ile "pindua uzidishe" ya ubaoni. Pia Wahindi waliandika kiasi juu na asili chini, namba juu ya namba, bila mstari katikati. Njia yao ni ya haraka na haikosei. Ila aliyepewa njia hiyo peke yake hajui amefanya nini, na hasara hiyo ilikuja kuonekana wazi karne nyingi baadaye.

Madina na Kufa, karne ya 7: sehemu zinapozidi kitu kizima

Kati ya mambo yote yaliyowalazimisha watu wa kawaida kujua sehemu, mirathi ya Kiislamu ina nafasi ya pekee. Sura ya nne ya Kurani inataja mafungu sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mjane mwenye watoto wa marehemu hupata thumni. Mabinti wawili au zaidi, pasipo mtoto wa kiume, hupata theluthi mbili kwa pamoja. Baba na mama, marehemu akiwa na watoto, kila mmoja sudusi. Hapo hesabu inaacha kuwa zoezi: kuna nyumba, kuna minazi, kuna ndugu walioketi wanasubiri.

Tatizo lilijitokeza mapema, katika ukhalifa wa Umar (634–644). Inasimuliwa kwamba mwanamke alifariki akaacha mume na dada wawili. Fungu la mume ni nusu, la dada ni theluthi mbili. Asili ya pamoja ni 6: mume 3, dada 4, jumla 7. Mafungu saba kwenye kitu cha mafungu sita! Umar akashauriana na masahaba, na uamuzi ulioshika ukawa kila mmoja apunguziwe kwa uwiano wake, kama wadai wanavyogawana mali isiyotosha madeni. Asili ikapandishwa kutoka 6 hadi 7: mume akapata 3/7, dada 4/7. Njia hiyo huitwa awl. Sahaba Ibn Abbas hakuikubali, na fiqhi ya Kishia haiikubali hadi leo.

Kisa maarufu zaidi kinahusishwa na khalifa Ali, akiwa juu ya mimbari huko Kufa. Aliulizwa: mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Jibu lililosimuliwa kutoka kwake ni fupi mno: thumni ya mke imekuwa tusui. Yaani moja ya nane imegeuka moja ya tisa. Msikilizaji asiyejua sehemu angedhani ni fumbo, lakini ni hesabu tupu. Asili inayobeba thumni, theluthi na sudusi ni 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27. Basi mali igawanywe mafungu 27, mke achukue 3 kati yake, na 3/27 ni 1/9. Kama mirathi ni shilingi 2,700,000, mke atapata 300,000 badala ya 337,500, kila binti 800,000, baba 400,000 na mama 400,000. Kila mmoja amepungukiwa kwa kiwango kilekile.

Kwa karne nyingi hesabu ya mirathi ilikuwa tawi la elimu lenye jina lake, faraidhi, na asiyeweza kutafuta kigawe kidogo cha shirika hakuweza kuisoma. Al-Khwarizmi mwenyewe, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad karibu mwaka 820, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya wasia na urithi.

Mstari na nukta, 952–2001

Alama tunayoitumia, ule mstari wa kulala kati ya kiasi na asili, ilizaliwa Afrika ya Kaskazini. Inaonekana katika maandishi ya al-Hassar, mwanahisabati wa Maghrib wa karne ya 12. Muda si mrefu kijana wa Kiitaliano, Leonardo wa Pisa, ambaye vizazi vya baadaye vimemwita Fibonacci, akajifunza hesabu za Kiarabu katika bandari ya Bejaia, Algeria ya leo, ambako baba yake aliwasimamia wafanyabiashara wa Pisa. Kitabu chake Liber Abaci cha mwaka 1202 kiliupeleka mstari huo Ulaya. Chimbuko lake halikufichika: Leonardo aliandika sehemu kushoto kwa namba nzima, yaani kwa 5¼ robo kwanza na tano baadaye, kama mtu aliyezoea kusoma kutoka kulia. Na ajabu ni kwamba kitabu hichohicho bado kinafundisha jinsi ya kuvunja sehemu kuwa vipande vya moja-moja kwa mtindo wa Misri, miaka zaidi ya 2,700 baada ya Ahmes.

Tangu kabla ya hapo wazo la pili lilikuwa linatokota. Kama Babeli ilistarehe kwa asili moja ya sitini, kwa nini isiwe kumi, maadamu tunahesabu kwa kumi? Al-Uqlidisi alilitumia wazo hilo Damascus mwaka 952 au 953. Al-Kashi, huko Samarkand, akalipa mpango kamili katika kitabu chake cha 1427. Mwaka 1585 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, akachapisha kijitabu kidogo kwa Kiholanzi, De Thiende, akiwaandikia wapima ardhi, wapima mvinyo na wafanyabiashara kwamba wanaweza kufanya hesabu zao zote bila sehemu za kawaida. Akapendekeza hata fedha na vipimo vigawanywe kwa kumi. Marekani ilifuata njia hiyo kwa dola yake ya senti 100 mwaka 1792, Ufaransa kwa mita mwaka 1795. Uingereza ilikawia hadi tarehe 15 Februari 1971 kuachana na pauni ya shilingi 20 na shilingi ya peni 12.

Desimali ni sehemu iliyofichwa asili yake. Hapo ndipo raha yake ilipo, maana kujumlisha 0.5 na 0.25 hakuhitaji kutafuta asili ya pamoja. Adhabu yake ni theluthi, ambayo kwa kumi haiishi kamwe: 0.333 na kuendelea. Na si wote walioikimbilia desimali: soko la hisa la New York liliendelea kunukuu bei kwa thumni za dola hadi 1997, likaingia sehemu za kumi na sita, na halikuhamia desimali hadi 2001.

Pwani: pishi, pesa na thumni

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki sehemu ziliingia kwa milango miwili, msikitini na sokoni, na hesabu za milango hiyo hazikupatana.

Sokoni kila kitu kilikatwa nusu. Vibaba viwili vya nafaka ni kisaga, vinne ni pishi. Rupia ya India, iliyotawala biashara ya Unguja na Mombasa katika karne ya 19, ilikuwa na ana 16, na kila ana ilikuwa na pesa 4. Rupia moja basi ni pesa 64. Mbili, nne, kumi na sita, sitini na nne: zote ni nusu ya nusu ya nusu. Mchuuzi asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kupata robo ya rupia (ana 4) au thumni yake (pesa 8) bila kukuna kichwa. Ila theluthi ya rupia ni pesa 21 na theluthi ya pesa, na hakuna sarafu ya theluthi ya pesa.

Msikitini theluthi na sudusi zilikuwa kila siku. Kadhi alifanya kazi kwa 6, 12 na 24, kisha matokeo yake yalilipwa kwa fedha ya 64. Rupia moja igawiwe warithi watatu sawasawa, na pesa moja inabaki mezani. Majina yenyewe, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, yalikaa kwenye Kiswahili kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakiyahitaji: mmoja anagawa shamba la mikarafuu, mwingine anakata kipande cha jora.

Serikali za kikoloni zikaja na mia. Wajerumani waliacha pesa 64 mwaka 1904, rupia yao ikawa na heller 100. Waingereza nao, kuanzia 1921, wakaweka shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Unguja ilishikilia rupia hadi miaka ya 1930. Watu hawakutupa majina yao ya zamani. Senti 50 waliziita thumni, na anayejua kuwa senti 50 ni nusu ya shilingi anaweza kushangaa imekuwaje nusu iitwe moja ya nane. Lakini ihesabu kwa riali ya zamani, iliyochukuliwa kuwa kama rupia mbili. Rupia iligeuzwa kwa shilingi mbili, kwa hiyo riali ni shilingi nne, na moja ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Watu walikuwa bado wanahesabu kwa riali ambayo haikuwapo tena mfukoni.

Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule zote za msingi mwaka 1967, waandishi wa vitabu walihitaji istilahi: sehemu, kiasi, asili, kigawe kidogo cha shirika. Watoto wakazishika. Wakifika sekondari mambo yaleyale huanza upya kwa Kiingereza, na wengine hudhani ni somo jipya.

Darasani, 1978–1999

Mwaka 1978 watahini wa kitaifa wa Marekani waliwauliza wanafunzi wa miaka 13 swali jepesi: bila kukokotoa, kadiria jumla ya 12/13 na 7/8. Majibu ya kuchagua yalikuwa 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo ni pungufu kidogo ya kimoja, kwa hiyo jumla ni karibu 2. Asilimia 24 tu walichagua 2. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha za juu peke yake au za chini peke yake. Kwao 12/13 haikuwa kiasi cha kitu chochote. Zilikuwa namba mbili zilizotenganishwa na mstari.

Watu wazima nao hawakusalimika. Alfred Taubman, aliyewahi kuimiliki kampuni ya migahawa ya A&W, amesimulia jinsi walivyouza baga ya theluthi ya ratili kwa bei ileile ya robo ya ratili ya McDonald's katika miaka ya 1980. Wateja walipohojiwa, wengi walisema hawaoni kwa nini walipe sawa kwa nyama kidogo zaidi. Nne ni kubwa kuliko tatu, basi robo ni kubwa kuliko theluthi! Wafanyabiashara wa pwani wa karne ya 19 wangecheka mpaka waanguke.

Mtafiti Liping Ma akaliangalia tatizo kutoka upande wa mwalimu. Katika kitabu chake cha 1999 aliwapa walimu 23 wa Marekani na 72 wa China swali la 1¾ gawanya kwa ½, kisha akawaomba watunge hadithi inayolingana na swali hilo. Walimu wote wa China walipata jibu. Wa Marekani hawakufika hata nusu. Kwenye hadithi pengo lilikuwa kubwa zaidi: wengi wa China waliweza, na upande wa Marekani mmoja tu ndiye aliyetoa iliyo sahihi. Kosa lililorudiwa sana lilikuwa kugawanya kitu kati ya watu wawili, jambo ambalo ni kugawanya kwa 2, si kwa ½.

Hadithi yenyewe si ngumu. Fundi ana kitambaa cha mita 1¾, na kila mfuko anaoushona unahitaji nusu mita. Atapata mifuko mingapi? Kwa kupindua: 7/4 mara 2/1 ni 14/4, yaani 3½. Kwa njia ya Sura Tisa: 1¾ ni robo saba, ½ ni robo mbili, na 7 gawanya kwa 2 ni 3½. Jibu ni moja, lakini njia ya pili inamwonyesha mwanafunzi robo anazozihesabu. Kisha mwalimu aulize swali ambalo hukwamisha hata waliopata jibu: fundi akishakata vitambaa vya mifuko mitatu, amebakiwa na kitambaa kiasi gani? Wengi watasema nusu mita, kwa kuwa jibu lina nusu. Amebakiwa na robo mita. Ile nusu ni nusu ya mfuko.